Itaje Risasi Kabla ya Kuitazama

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nimelala kifudifudi kwenye turubai, bunduki begani, ndiyo nachungulia nione risasi yangu imetoboa wapi, mara naona giza. Mzee Wendell alikuwa amevua kofia yake na kuifunika darubini yangu.

"Dada Tausi," akasema, "umepiga wapi?"

"Nitajuaje, Mzee, na umeniziba?"

"Sikukuuliza risasi imefika wapi. Nimekuuliza wewe umepiga wapi."

Mwanangu Baraka, nilikasirika. Hasira zangu unazijua, mama yako ni mdogo wangu na ameshakusimulia mambo yetu ya utotoni. Nusura nimrushie mzee wa watu kofia yake. Leo nacheka tu, nimekaa jikoni kwangu hapa Gaithersburg na chai yangu ya tangawizi, nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulisema, "Mamkubwa, hii job nayo ni toxic, nime-decide naacha." Hii itakuwa ya tatu tangu uhamie Falls Church. Siku ile sikukujibu vizuri, maana nilikuwa natoka kazini na foleni ya barabara kuu ya 270 ilikuwa haisogei, na mtu akiwa kwenye foleni ile hana busara ya kumgawia mwenzake. Sasa nina nafasi.

Nianze na bunduki, maana najua wewe na binamu zako huwa mnachekana kwamba mama yenu mkubwa ana bunduki ya Kirusi ndani ya sefu. Kwa bunduki za Kirusi mimi sikuwa mgeni. Nilipomaliza kidato cha sita tulipelekwa jeshini kwa mujibu wa sheria, wasichana kwa wavulana, na tuliyofundishiwa ni ile tuliyoiita SAR, asili yake huko huko Urusi. Kwenye kulenga shabaha niliwashinda wavulana wote wa kombania yetu. Afande mmoja akanisifu mbele ya watu kwamba nimezaliwa na jicho. Sifa ile ilikuja kunitesa baadaye, subiri tutaifikia. Kisha nikaja huku Marekani, nikapata kazi ya kutunza wazee, nikaolewa na baba yenu mkubwa, tukapanga Springfield, na mambo ya bunduki nikayasahau kabisa mpaka nilipokutana na Mzee Wendell.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu wa historia aliyestaafu, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Kiswahili alijifunza chuoni ujanani na hakukiacha. Alikisema polepole, kila neno mahali pake, kama msoma taarifa ya habari, na "poa" haikuwahi kumtoka mdomoni. Siku ya kwanza alinikuta kwenye lifti na mifuko yangu ya sokoni, akaniamkia, "Hujambo, dada? Habari za nyumbani?" Nilishtuka nikapitiliza ghorofa yangu.

Burudani yake ilikuwa mashindano ya bunduki za zamani. Yanachezwa wawili wawili: mmoja analala na kupiga, mwenzake anakaa nyuma yake na darubini kubwa ya miguu mitatu, anatazama na kumwelekeza. Mwenzake wa miaka mingi alikuwa amehamia kusini kwa watoto wake, na macho ya Mzee yalikuwa yameshapungua, hayawezi tena kupigia, ingawa kwa kutazamia yalitosha. Basi bunduki ilikuwa imekaa tu kabatini. Nilipomwambia nimewahi kushika SAR aliniuliza hapo hapo kama Jumamosi nina nafasi.

Bunduki yenyewe ndiyo hii hii unayoijua, ya Kirusi ya wakati wa vita vya pili vya dunia. Ni ndefu, nzito, mbao yake imeingia rangi ya chai ya rangi. Kila risasi moja lazima uikoki kwa mkono, na pale pa kukokia pagumu, mpaka upapige kwa kiganja. Juu yake imefungwa darubini fupi ya huko huko Urusi. Ukichungulia unaona mistari mitatu minene, na mmoja umesimama umechongoka kama penseli. Ile ncha ndiyo unayoiweka kwenye shabaha. Nje ya darubini kuna vifundo viwili, kimoja juu na kimoja ubavuni. Ukivizungusha, mistari inahama, na risasi itakayofuata nayo inahama.

Vifundo hivyo ndivyo vilivyonitia matatani. Risasi ikienda kulia, mimi nazungusha. Inayofuata ikienda kushoto, narudisha. Ikipanda, nashusha. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimezungusha darubini ya watu hadi haijui tena inatazama wapi, na shabaha yangu imetobokatoboka pande zote kama chujio. Pembeni yetu kulikuwa na mabwana wenye bunduki mpya na darubini za bei mbaya, nawaangalia kwa wivu. Nikamwambia Mzee, "Darubini hii imechoka. Mambo ya Warusi haya."

Sasa wapiga shabaha wana desturi yao moja. Ukishapiga, watu walio kule chini kwenye handaki wanaishusha shabaha yako, wanabandika kiduara cheupe palipotoboka, wanaipandisha tena uone. Kabla haijapanda, mpigaji anatakiwa aseme mwenyewe risasi yake imekwenda wapi. Wenyeji hutaja kwa mishale ya saa. Mimi na Mzee tulijaribu kwa Kiswahili tukaacha siku hiyo hiyo, maana saa tatu yake ilikuwa kulia na saa tatu yangu ilikuwa kushoto. Tukabaki na kulia na kushoto. Lakini mimi hiyo kutaja nilikuwa naiona ni mapambo tu. Kwa nini nibahatishe kitu ambacho baada ya muda mfupi nitakiona kwa macho?

Ndiyo maana akatumia kofia. Nami kwa hasira nikamjibu, "Katikati!" Akaiondoa. Kiduara kilikuwa chini kulia, mbali na katikati, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifundo. Mzee akaushika.

"Dada Tausi, ulipofyatua, kidole chako kilivuta kwa nguvu na bega lako likaruka. Mimi nimekaa nyuma yako nimeliona. Wewe bega ni lako, hukuliona? Unaiadhibu darubini kwa kosa la kidole."

Nikamwambia jeshini nilikuwa wa kwanza. Akasema hana shaka. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo.

"Sihitaji mwenzangu awe hodari. Nahitaji aniambie kweli alichofanya, ili nijue la kumwelekeza. Ukinidanganya, mimi na wewe sote tumepotea. Kama jambo hili huliwezi, si kitu. Mwaka huu sitakwenda kwenye mashindano, nitakaa nyumbani."

Angesema atatafuta mwingine ningeona afadhali. Nilijua hana mwingine. Nilijua pia jinsi alivyokuwa ananipigia hodi kila Ijumaa jioni, amenyoa, anauliza hali ya hewa ya kesho kama mtoto anayesubiri sikukuu. Yaani furaha yote ile ya mzee nilikuwa nimeilalia na ubishi wangu.

Tukafunga vitu. Risasi za Kirusi za zamani zina chumvi, zinaozesha chuma, kwa hiyo bunduki haifiki nyumbani bila kuoshwa. Mzee alikuwa anakuja na chupa mbili, moja ya maji ya moto ya kupitisha kwenye mtutu, nyingine ya chai. Nikashika bunduki, yeye akamimina. Kisha akanimiminia na chai, na ninamshukuru Mungu chupa hakuzichanganya.

Akakubali niichukue ile bunduki, tupu, nifanye mazoezi nyumbani. Kila nikitoka kazini nalala sebuleni, nalenga swichi ya taa, nafyatua hewa, kisha nasema kwa sauti ile ncha ilikuwa wapi kifyatulio kilipolia. Baba yenu mkubwa akawa ananiruka akienda jikoni. "Mke wangu," akasema siku moja, "hiyo swichi imekukosea nini?" Nilicheka mpaka nikashindwa kulenga.

Lakini humo sebuleni ndimo nilimogundua kitu cha aibu. Kila nilipotaka kutaja, nilikuwa sina cha kutaja. Nilikuwa najua ncha ilipokuwa kabla ya kufyatua, na baada ya hapo ni giza. Mwanangu, nilikuwa nafumba jicho! Yule afande aliyenisifu kwamba nimezaliwa na jicho hakujua kwamba jicho lenyewe nalifumba kila ninapofyatua, na mimi kwa kuzisikiliza sifa zake sikuwahi kujichunguza. Ilinichukua karibu kiangazi kizima kujifunza kuliacha wazi. Siku nilipoweza, nikaiona ncha inateleza kidogo kwenda kulia kidole kinapomaliza kuvuta, nikashuka ngazi mbio kwenda kumwambia Mzee. Alinifungulia na mswaki mdomoni. Akanikumbatia hivyo hivyo.

Majani yalipoanza kugeuka rangi tukaenda kwenye mashindano, kule milimani upande wa magharibi. Risasi ya kwanza nikasema, "Chini kulia, kidole." Shabaha ikapanda na kiduara chake chini kulia. Mzee akasema, "Asante," na vifundo hatukuvigusa. Ya pili nikasema, "Katikati," ikawa katikati. Nikatulia. Tukaenda hivyo, mimi nataja, yeye anaitikia, nikawa nasikia raha mpaka nikasahau kabisa wivu wangu kwa wale mabwana wa bunduki mpya.

Raundi ya mwisho ilipoanza nikasema, "Katikati, safi." Shabaha ikapanda, kiduara kiko kushoto, nje kabisa. Nikapiga nyingine. "Katikati." Kushoto tena. Nikanyong'onyea. Nikageuka nikamwambia, "Mzee, naapa ile ilikuwa katikati."

"Najua," akasema. "Umeshasema."

Hakuuliza mara ya pili. Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akaijaribu skrubu inayoshika darubini kwenye bunduki. Ilikuwa imelegea, inacheza. Kwa kishindo cha kila risasi darubini ilikuwa inasogea kidogo. Nami sikuweza kujizuia, nikamwambia, "Haya, sasa na leo je? Si mambo ya Warusi?"

"La," akasema huku anakaza. "Skrubu hii niliikaza mimi jana jioni. Sikuikaza vizuri."

Nikaelewa kwamba mzee naye alikuwa anaitaja risasi yake. Tulimaliza nafasi ya tatu, tukapewa medali mbili za shaba, na yake aliivaa kwenye lifti.

Baadaye presha ya macho ikamzidi Mzee Wendell, miaka yake ya mwisho akawa haoni. Nilikuwa nimeshahamia huku Gaithersburg, lakini Jumamosi nilimfuata Springfield nikampeleka kiwanjani. Anakaa nyuma yangu kwenye kiti chake, bila darubini yoyote. Napiga, nataja. Naye anasema, "Nimeiona." Bwana mmoja wa jirani akamwuliza siku moja anaionaje. Akamjibu, "Kaniambia mwenyewe." Sijapewa medali ya kulingana na neno lile. Alipofariki, wanawe waliniletea bunduki, darubini na kofia.

Sasa tuje kwenye kazi yako, mwanangu. Mimi sisemi kosa ni lako. Ofisi hiyo siijui, na mabosi wabaya wapo, mimi mwenyewe nimewahudumia wagonjwa chini yao. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujatuma barua ya kuacha, kaa peke yako uitaje risasi yako. Uliwaahidi nini, ukawapa nini? Siku ile unayosema walikudharau, wewe ulikuwa umesema nini kabla yake? Usianze na matokeo, hayo umeyatazama vya kutosha. Anza na mkono wako.

Ukitaja kwa haki ukaona mkono wako ulikuwa safi, na bado inakwenda kushoto, basi pana skrubu imelegea mahali. Hapo ondoka na usigeuke nyuma, na mimi wa kwanza nitakuunga mkono mbele ya mama yako. Lakini ukiona ni kidole, kaa hapo hapo. Vifundo usiviguse. Maana kwenye kazi ya nne utakwenda na kidole hicho hicho, na ya tano vilevile, na kila mahali utaona darubini imechoka. Tena ukikosa, usione haya kusema umekosa. Mtu anayeitaja risasi yake mbaya anaaminiwa anapoitaja nzuri, na siku moja utahitaji sana kuaminiwa.

Mungu akupe mkono uliotulia na jicho lisilofumba pale panapouma. Akuletee mtu wa kukaa nyuma yako ambaye ukisema mara moja inatosha, na wewe akujalie kuwa mtu ambaye hata asiyeona anaweza kumtegemea. Nakupenda, na nina furaha na wewe hata ukiwa mbishi, maana najua umeutoa wapi.

Jumamosi usipange kitu. Tutakwenda wote milimani, chupa zote mbili nitabeba mimi. Utalala wewe, nitakaa nyuma mimi, na kofia ya Mzee ninayo.