Fidla Bila Gitaa

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, Sora alifunga mlango wa duka lake la dawa za mifugo mjini Garsen, akatoa fidla sandukuni na kuanza kukaza nyuzi zake. Joto lilikuwa limezilegeza tena. Halikuwahi kukubali fidla ilale sawa na kuamka sawa. Alipomaliza aliegemeza simu kwenye mikebe ya dawa ya kupe, akachagua wimbo, akangoja hesabu ya kuanzia, moja hadi nne.

Muziki uliotoka ulikuwa wa blugrasi, muziki wa watu wa milimani huko Marekani, wa fidla, banjo, gitaa na besi. Mtu fulani ambaye Sora hakuwahi kumwona alikuwa amerekodi nyimbo hizo bila fidla na kuziweka mtandaoni bure, ili mwenye fidla popote alipo ajaze pengo. Kila wimbo ulikuwa na mwendo wa aina tatu: polepole, wastani, na mbio. Sora alimheshimu mtu huyo. Kutoa kitu chema bila kuuliza anayepokea ni wa kabila gani, kwake hilo lilizidi hotuba zote zilizowahi kupigwa Garsen kwa vipaza sauti.

Nyimbo kumi na moja alikwisha kuzimudu kwa mwendo wa mbio. Upinde wake ulikuwa mwepesi, vidole havikukosea. Lakini kulikuwa na mahali alipokwama kwa hiari yake. Katika blugrasi kila chombo kina zamu: fidla ikishasema yake hurudi nyuma, gitaa likaja mbele. Katika rekodi zile zamu ya gitaa pia iliachwa wazi. Besi ilidunda, banjo ikachekecha, na mbele hapakuwa na mtu. Sora angeweza kupajaza kwa fidla. Badala yake alishusha upinde na kusimama kimya mpaka zamu ile ipite.

"Leo pia umemngoja," alisema mkewe, Barwako, aliyemletea chakula kwa mlango wa nyuma.

"Nilikuwa napumzika."

"Simu hiyo ingekuwa na miguu, ingeshakwenda yenyewe kumtafuta Mangi na gitaa lake."

"Wenje aliko si mbali," Sora alisema.

"Ndiyo maana nashangaa," Barwako akajibu, akaweka sahani.

Mangi alikuwa Mpokomo, mtu wa kabila la wakulima, na Sora Morma, wa kabila la wafugaji. Walikuwa wamemaliza sekondari pamoja mwaka ambao mhandisi mmoja Mmarekani alikuja kuchimba visima, akawafundisha muziki wa kwao jioni kwa jioni. Alipoondoka alimwachia mmoja fidla, mwingine gitaa. Kwa miaka sita walipiga barazani kwa mama yake Mangi, katika shamba lake kando ya mto, naye akiwapikia samaki na ndizi. Wazee wa pande zote mbili waliuita muziki ule makelele. Sora alipenda kusema kwamba hilo lilikuwa jambo pekee ambalo Waorma na Wapokomo walikubaliana bila kuundiwa kamati.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame, miaka mitatu iliyopita. Malka, yaani njia ya ng'ombe kushukia mtoni katikati ya mashamba, ilijaa mifugo ya watu kutoka mbali. Nuh, kaka yake Sora, alichoka kungoja. Akawatoa ng'ombe wao kumi na tisa njiani na kuwapitisha katika shamba la mama yake Mangi. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hadi magharibi hapakuwa na kilichosimama.

Katika baraza la wazee Mangi alisimama mbele ya watu wote. "Ni ng'ombe wa kina Sora," alisema. "Niliwaona, na ninawajua."

Wazee wakamgeukia Sora. Nuh naye akamtazama. Kila mtu pale alikumbuka jinsi maneno kama yale yalivyowahi kuleta mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika nchi hii ya mto, na tayari vijana wa pande zote walikuwa wamekaa kila kundi peke yake, fimbo magotini. Sora alijiambia kwamba ukweli ungemwaga damu.

"Nilipita pale," alisema. "Niliona ng'ombe. Sikuwatambua."

Morma asiyetambua ng'ombe wa nyumbani kwake! Kila ng'ombe wao alikuwa na chale mbili katika sikio la kulia, alama ya ukoo, na hata bila alama Sora angewajua gizani kwa kukohoa. Wafugaji wote walijua kwamba amesema uongo, wakanyamaza. Wasiokuwa wafugaji wakamwamini. Katika daftari la baraza Mangi akaandikwa mchochezi, na mwezi haukuisha kabla hajamchukua mama yake na gitaa lake wakahamia Wenje kwa wajomba zake.

Watu walisema amani imehifadhiwa. Sora alijua ilikuwa amani ya namna gani. Ilikuwa imelala juu ya jina la mtu mmoja.

Mwaka huu chifu alikuja dukani, akaketi juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Kulikuwa na sherehe ya kufungua malka mpya, alisema, na wageni watakuwa wengi.

"Wewe na yule mwenzako mpige ule muziki wenu. Morma na Mpokomo jukwaani. Watu waone."

"Waone nini?"

"Waone amani, bwana. Unaniuliza kama mgeni."

Asubuhi iliyofuata Sora alikwenda Wenje. Alimkuta Mangi shambani akipanda machipukizi ya migomba, matope yamemfika magotini. Hakuacha kuchimba.

"Nimekuja kukuita," Sora alisema, akaeleza habari ya sherehe.

"Nasikia unapiga na simu siku hizi."

"Ndiyo."

"Inapiga vizuri?"

"Haikosei."

"Basi panda nayo jukwaani. Simu haijawahi kuitwa mwongo mbele ya wazee." Mangi alishindilia udongo kwa kisigino. "Wewe unataka gitaa, Sora. Mimi nataka jina langu. Rudi Garsen ukafanye mazoezi."

Mama yake, aliyekuwa akipeta kunde kivulini, alimwita Sora kabla hajaifikia njia. Alikuwa amekonda sana.

"Umekuwa mtu mzima, hata kusalimu umesahau?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo sherehe nitakuja. Nataka kuliona shamba langu, limebaki nini."

Hakumuuliza habari ya ng'ombe. Njia nzima ya kurudi, Sora alitamani angemuuliza.

Siku ya sherehe mahema yalijaa. Watu wa Wenje walikuja kwa lori, Mangi na mama yake miongoni mwao, na Mangi akaenda kusimama nyuma kabisa, mikono mitupu. Nuh aliketi mbele pamoja na wafugaji. Sora alipoitwa alipanda na fidla yake, na mtu wa mitambo akaunganisha simu na spika. Banjo ikalia uwanja mzima. Watoto wakacheka, mzee mmoja akauliza kwa sauti yule mpigaji mwingine amejificha wapi.

Sora alipiga zamu yake ya kwanza bila kosa. Ikaja zamu ya gitaa. Akashusha upinde kama kawaida yake, na ule utupu aliouzoea peke yake nyuma ya mlango uliofungwa sasa ukasikika na watu mia tatu. Akaizima simu.

"Niliulizwa habari ya ng'ombe fulani," alisema. Akaiweka fidla chini. "Niliulizwa hapa Garsen, nikasema sikuwatambua. Nitawataja."

Akawataja kama wafugaji wanavyowataja, mmoja baada ya mwingine. Mwekundu mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, binti wa yule aliyefia malishoni Nanighi. Mweupe wa mabaka begani, na ndama wake. Wale pacha wa kijivu. Dume lililotolewa mahari ya Barwako na kurudi lenyewe usiku wa tatu. Kila alipotaja mmoja, vichwa vya wafugaji viliinama zaidi, maana wote waliwajua. Alipofika kumi na wanane akakwama.

"Umemsahau yule mweusi asiye na mkia," mama yake Mangi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Huyo ndiye aliyemaliza ndizi zangu."

"Na mweusi asiye na mkia," Sora akasema. "Kumi na tisa. Wote wa nyumbani kwetu. Mangi alisema kweli, mimi nikasema uongo."

Hakuna aliyepiga makofi. Nuh aliinuka, akakung'uta shuka yake, akaondoka bila kutazama nyuma. Chifu akasogea kwenye kipaza sauti na kusema kwamba sasa ni wakati wa chakula. Sora alipotafuta kwa macho kule nyuma, Mangi hakuwapo.

Jioni ile Nuh alitenga ng'ombe wa Sora na wake. Aliwatenga kwa haki, hakumpunja hata ndama, lakini hakusema naye neno. Barwako alisimama mlangoni akitazama lile zizi lililopungua. "Afadhali wachache wenye jina," alisema, akaenda kuwasha moto.

Jumamosi mlango wa duka uligongwa saa ya mazoezi. Mangi alikuwa amesimama juani, gitaa mgongoni katika gunia.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Mama ndiye aliyenifukuza nyumbani. Anasema nimenuna mpaka migomba inachelewa kuota." Hakutabasamu. Aliingia, akaegemeza gitaa ukutani, mbali na fidla, akapangusa jasho. "Hatupigi kitu kwanza. Kuna daftari la baraza ambalo bado linaniita mchochezi. Uje useme tena ulivyosema, na safari hii maneno yako yaandikwe."

Sora akachukua kofia yake. Wakatoka pamoja wakapita katikati ya soko la mifugo, na wafugaji waliokuwa wakibishana bei wakasogea kuwapisha.