Punda wa Khaleti Nasra

Nnakumbuka Jumatano moja nilipoingia ofisini kwetu Al Khuwair, hapa Maskati, na mfuko mkubwa wa nailoni, na ndani yake mna punda thelathini. Usicheke, mwanangu. Punda wa kitambaa, kila mmoja kapita kiganja kidogo, masikio yamesimama, macho ya vifungo vyeusi. Siku hizo mapumziko yetu yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, kwa hiyo Jumatano watu huwa wepesi wa roho. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nikijiona mjanja kweli kweli. Kabla ya adhana ya adhuhuri mfuko ulikuwa mtupu.

Punda hao akiwashona khaleti yangu Nasra, mdogo wake mama. Alipata maradhi ya kupooza akiwa na miaka minne, huko huko Unguja alikozaliwa, miguu yote miwili ikanywea, na tulipohamia Maskati alipandishwa ndege mgongoni kwa babu. Alikaa Darsait, nyumba ya chini, kwenye kiti chake cha magurudumu. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, maana ya miguu ingemfaa nini? Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Jaribu siku moja uone, halafu uje unambie. Miaka mingi alidarizi kofia, na kofia zake zilivaliwa na watu wazito wa mji huu, wala hawakujua nani kazidarizi.

Punda wa kwanza hakuwa mchezo wa mtoto. Alikuwa kimto cha kuchomekea sindano. Khaleti alikishona kwa mabaki ya blanketi, akakitia masikio na miguu kwa upuuzi tu, akiwakumbuka punda wa magari ya mchanga waliokuwa wakipita mtaani kwao. Mtoto wa jirani akamwiba. Khaleti alipokwenda kumdai alimkuta punda kalazwa, kafunikwa kitambaa, na sindano tatu bado ziko mgongoni. Akazing'oa sindano, punda akamwachia. Kesho yake akaja mtoto wa pili kutaka wake. Watu wakamshauri ashone ngamia, ndio wanaopendwa na wageni. Akasema ngamia wamejaa kila duka, na yeye hajawahi kuishi na ngamia.

Sasa lazima ujue alichokuwa akikitaka, la sivyo hutaelewa kwa nini alikasirika. Tangu utotoni Khaleti alitiwa vitu mkononi bila kuulizwa. Ramadhani ikiingia, watu wasiomjua hata jina walimletea zaka mlangoni, na yeye ana kazi yake, anakula jasho lake. Alikuwa kachoka kuitwa maskini. Alitaka punda wake wawekwe dukani, kwenye rafu moja na midoli ya ng'ambo, mzazi asiyemjua asimame pale, alinganishe, amchague punda. Hilo tu. Aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na gari na ulimi.

Na mimi ulimi wangu nikautumia hivi. Nilisimama katikati ya ofisi nikasema punda hawa kawashona khaleti yangu, hawezi kutembea, maskini ya Mungu, basi nunueni mpate thawabu. Neno thawabu likafanya kazi. Watu walinyoosha mikono kabla sijamaliza. Hakuna aliyemgeuza punda kumtazama tumbo, wala aliyevuta sikio kuona kama limeshika. Wengine hawakuchagua hata rangi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi, mwanangu, kizuri nilikitembeza kama kibaya.

Nikarudi Darsait na mfuko mtupu. Khaleti alifurahi, akashona wengine, nikauza tena, na mara ya tatu tena. Lakini kila nikirudi aliniuliza suali moja: hakuna aliyerudisha? Hakuna, Khaleti. Hakuna aliyelalamika? Hata mmoja. Mimi nikisema hivyo kwa fahari, yeye uso ukizidi kukunjamana. Alisema kadarizi kofia miaka ishirini, na hakuna mwezi uliopita bila kofia kurudi, mara inabana, mara uzi umekatika. Iweje punda, kitu cha kutafunwa na watoto, asirudi hata mmoja? Mimi nikamwona mzee ana wasiwasi wake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile.

Basi mwenzangu mmoja wa ofisini, Rahma, wa asili ya Unguja kama sisi, akajifungua. Nikenda kumpongeza, na Khaleti akasema tufuatane. Tukapokewa vizuri, tukaletewa kahawa na halua. Khaleti akainua macho akamwona punda wake juu ya kabati, katiwa ndani ya nailoni, jicho moja hana. Akaomba ateremshwe. Rahma akababaika, akazunguka zunguka kwa maneno, mwisho ikamtoka kweli. Mwanawe wa kwanza, wa mwaka mmoja na nusu, aling'oa kifungo kwa meno, akakitia mdomoni, na Rahma akawahi kukitoa kwa kidole.

Khaleti alimuuliza lini. Rahma akasema tangu wiki ile ile ya kwanza.

"Na hukusema?"

"Tulikusitiri, Khaleti. Nilisema kazi ya mtu mwenye mtihani kama wako, ntaitia aibu ya nini?"

Rahma hakuwa mtu mbaya, mwanangu, nalisema hilo wazi. Sisi tumelelewa kwamba mwenye kumsitiri mwenzake na Mungu humsitiri. Alidhani anafanya wema. Khaleti hakumjibu kwa ukali. Alimshukuru, akambusu mtoto mchanga, akamshika yule mkubwa kidevu akamtazama mdomoni muda mrefu.

Garini akageukia dirisha. Mimi ndiye niliyeudhika. Nikaona nimejichosha, nimesema, nimebeba, na sasa nanuniwa. Nikanung'unika, nikidhani hasikii, fadhila ya punda mateke.

"Nani kabeba mzigo hapa?" akasema. "Mimi nimeshona, Maryam. Wewe umebeba mfuko. Tena nilikupa punda ukauze, wewe ukenda kuuza miguu yangu. Aliyenunua miguu hatazami macho yameshikaje. Mtoto angekufa, nao wangenisitiri."

Nililia palepale, na gari naiendesha. Sikulia kwa kutukanwa, maana hakunitukana. Nililia kwa sababu nilijua kifungo kile kilipita mikononi mwangu, na kidole changu kilikuwa na nafasi ya kukivuta kabla ya jino la mtoto.

Adhabu yangu ilikuwa moja. Nirudi ofisini, meza kwa meza, niseme nilikosea, punda ana ila, vifungo vyake vinang'oka, naomba arudi ashonwe upya. Nikamwomba Khaleti aniruhusu niseme kwa simu. Akasema mdomo uliouza ndio utakaorudisha. Wallahi sijaona siku ndefu kama ile. Na nilichokikuta kilinifundisha zaidi ya aibu yenyewe. Mmoja alikuwa na punda wake ndani ya buti la gari, chini ya tairi la akiba. Mwingine kamgawia mtumishi wa nyumbani. Wawili hawakukumbuka kama walinunua. Mmoja akanambia kwa upole nisijisumbue, yeye alitoa sadaka na sadaka hairudishwi. Thawabu kila mtu kaichukua kwake, na punda kamwacha yatima.

Alibaki karani mmoja, Mwarabu wa Qurayyat, mtu wa maneno machache. Akasema punda hawezi kumleta kwa sababu binti yake hamwachi, halali bila yeye, labda amlete na binti mwenyewe. Alkhamisi akaja naye Darsait. Mtoto wa miaka mitano, kamkumbatia punda mweusi tii, na alikuwa wa kijivu siku alipotoka kwetu. Sikio moja limetafunwa, mgongo umeota manyoya ya uchafu, ananuka maziwa. Macho yote mawili hayapo, baba mtu alishayang'oa mwenyewe mapema alipoona yanalegea. Khaleti akamlaza mapajani akamkagua mshono kwa mshono, mtoto kasimama ubavuni hapepesi jicho. Kisha akamuuliza kwa Kiarabu kama punda ana kosa lolote jengine. Mtoto akasema ndiyo, tena bila kusita. Mkia mfupi. Akimburura unamponyoka.

Baba mtu aliona haya, akataka kumnyamazisha. Khaleti akamzuia kwa mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka, sijapata kumwona akicheka vile. Akamfumua mkia mbele yake, akashona mwengine mrefu wa kusukwa, na macho akayadarizi kwa uzi, kwa mkono ule ule wa kofia, hata uyavute kwa koleo hayatoki. Mtoto akauvuta mkia mara tatu, akaridhika, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo punda wote wa Khaleti wana mkia mrefu na macho ya uzi.

Akanipa ishirini wapya. Sharti lake, nisitaje mguu, kiti wala Mungu. Ofisi nzima walinunuliwa wanne. Watu waliwageuza, wakawavuta, wengine wakasema ghali wakaenda zao. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Khaleti akaniuliza hao wanne walichaguliwaje, nikamweleza mmoja mmoja, nani kavuta nini na kasema nini. Alisikiliza kama anasomewa barua ya mtu wake. Alikuwa na furaha siku ile kuliko siku ya wale thelathini.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa pili duka moja la Ruwi likawachukua, likawaweka kwenye rafu aliyokuwa akiitaka. Mwaka wa nne alikuwa na wanawake watatu wanamshonea, na mmoja wao Khaleti alimrudishia punda mara tano mpaka mwanamke akaapa kuhama mji. Mwanamke huyo bado yupo, na sasa yeye ndiye mwenye karakana ya punda.

Baadaye nilisoma gazetini kwamba huko Ulaya, zamani sana, alikuwepo mwanamke mshonaji asiyeweza kutembea. Naye alishona mnyama mdogo wa kuchomekea sindano, tembo, watoto wakampokonya wakamfanya mchezo, na biashara yake ikaenea dunia. Nikakimbilia Darsait kumpa khabari, nikidhani atajivuna. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza:

"Gazeti limeanza na tembo au limeanza na miguu?"

Nikalitazama gazeti. Limeanza na miguu.

"Maskini," akasema, "kafa zamani, na bado hawajamgeuza tembo wake kumtazama tumbo." Akarudi kwenye cherehani yake.

Khaleti Nasra naye katangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Basi nikwambie mwanangu nilichobaki nacho. Sadaka toa, tena toa kwa siri, mkono wa kushoto usijue. Lakini ukienda kununua, nunua. Kigeuze kitu, kivute, ulize, na kama si kizuri kirudishe, hata aliyekitengeneza awe kipofu, awe kiwete, awe mama yako. Aibu ya mtu isitiri. Lakini ila ya kazi yake mwambie, mwambie yeye uso kwa uso, usimwambie jirani. Mficha uchi hazai, na mwenye kufichiwa ila ya kazi yake hazai pia. Na ukipewa kazi ya mtu uitembeze, usiuze maradhi yake. Hayo ni yake, hakukupa.

Mungu akuweke, akupe mkono wa kazi na macho ya kuiona kazi ya mwenzako. Akuepushe na wanunuzi wa thawabu. Akuletee mteja mgumu, mkweli, wa kukurudishia mlangoni, na siku atakayokuja akukute mzima, una uzi, na una subira ya kufumua ukaanza tena. Amin.