Mbao Bado Zina Chumvi

Hapa kisiwani Nosy Be watu husema nina ulimi mkali. Hawajui kwamba ulimi huu umewahi kulamba mbao. Wala haukuwa wazimu, ulikuwa ufundi wa baba yangu kule Mahajanga, na mpaka leo mvua za kwanza zikianguka nikasikia harufu ya mti uliolowa, mate hunijaa mdomoni na machozi hunijaa machoni kwa pamoja. Mume wangu akiniona hivyo hutafuta sababu ya kwenda sokoni.

Nianze na desturi yetu, maana bila hiyo jambo lenyewe halieleweki. Sisi asili yetu ni Ngazija. Kwetu mwanamke hahamii kwa mume. Mume ndiye anayekuja kwake. Mtu akipata binti huanza kufikiria nyumba, na nyumba hiyo huijenga uani kwa mama wa binti, ili siku ya harusi bwana aingie na nguo zake tu. Baba asiyemjengea bintiye hukaa safu za nyuma msikitini bila kuambiwa na mtu.

Baba yangu alikuwa akitengeneza mashua za mizigo bandarini, zile zilizopeleka magunia kwenye meli zilizotia nanga mbali. Alizijua mbao kuliko alivyotujua sisi wanawe, lakini mbao nzuri zilikuwa za watu wengine. Mimi nilikuwa nimekwisha kuposwa. Mposaji alikuwa kijana wa Nosy Be, wa asili kama yetu, aliyekuja Mahajanga kusoma akabaki kuwa karani. Serikali ilikuwa mpya, bendera mpya, na vijana waliojua kuandika barua ya Kifaransa walikuwa wakikalishwa kwenye viti vya Wafaransa waliokuwa wakiondoka. Posa ilikubaliwa, ila harusi ilingoja nyumba, na nyumba ilingoja mbao.

Ndipo kikapita kimbunga. Mto Betsiboka ukafurika, ukashuka na migomba, mizoga ya ng'ombe na magogo kutoka huko juu, na bahari ikayatapika magogo hayo ufukweni Amborovy. Hayakuwa na alama ya mwenyewe. Wakubwa wa mji walitaka ufuo usafishwe, wakasema mwenye nguvu ya kubeba na abebe. Watu wengi walichukua vipande vya kuni. Baba alizunguka gogo moja baada ya jingine, akachonga kijisehemu cha kila moja kwa kisu, akanusa, akachagua mazito mekundu ambayo wengine waliyaogopa. Alikodi gari la ng'ombe, na magogo yakaja mtaani kwetu Antanimasaja yakiburuzwa nyuma, yakichimba mfereji katikati ya barabara. Majirani walitoka kututazama. Mama aliingia ndani kwa aibu.

Alichimba shimo uani, akalaza gogo la kwanza juu yake. Akachovya uzi kwenye masizi, akauvuta kutoka ncha hadi ncha, akauachia ghafla, na mstari mweusi ukabaki kwenye gogo. Hapo ndipo msumeno ulipopita, msumeno mrefu wa mikono miwili, mtu mmoja juu na mwingine shimoni. Mtu wa shimoni alikuwa mpasuaji wa kukodi. Mchanga wa bahari ulikuwa umeingia kwenye nyufa za magogo na meno ya msumeno yalikuwa butu kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kazi kubwa ikawa kupiga tupa. Mpasuaji alichoka na magogo yetu ya baharini, akaaga akaenda kulima mpunga wake.

Baba alikaa juu ya gogo akitazama shimo. Nikajifunga kanga kiunoni nikashuka.

Mama alipiga kelele ambazo nadhani zilisikika bandarini. Mchumba wa mtu hukaa ndani, hupakwa liwa usoni ang'are, hajitupi shimoni kama maiti. Nilimjibu kwamba nyumba ni yangu na mikono ni yangu. Baba alikohoa tu, akashika mkono wa juu wa msumeno, nasi tukaanza. Yeye alivuta kwenda juu, mimi nikavuta kwenda chini, na unga wa mbao ukanimwagikia usoni, mwekundu, ukashikana na jasho. Mama alipoona uso wangu alisema basi angalau liwa nimeipata.

Sijawahi kuwa karibu na baba yangu kama siku zile, ingawa sikuweza hata kumwona, maana ukiinua macho shimoni unga unakupofua. Nilimjua kwa mvuto wake. Akichoka, msumeno ulikuwa mzito. Akikumbuka jambo la kufurahisha ulikwenda haraka, nami nikacheka huku chini bila kujua sababu.

Mbao zilipokwisha kupasuliwa nilidhani nyumba itaanza kesho. Kumbe. Baba alieleza kwamba mti uliolala baharini umekunywa chumvi, na ukiujengea hivyo hivyo utavuta unyevu kila msimu, utatoa jasho ukutani, utakula misumari. Kwanza uachwe uani mvua iuoshe masika yote. Kisha upangwe kivulini, ubao juu ya ubao na vijiti katikati ili upepo upite, mawe juu ili usipinde, mafuta ya ng'ombe kwenye ncha ili usipasuke. Na kila Ijumaa akitoka msikitini alizigeuza zote, ya chini ikawa ya juu, kisha akachagua ubao mmoja, akaupangusa kwa kiganja, akaulamba.

Alitema pembeni na kusema, "Bado zina chumvi."

Mama aliapa kwamba ameolewa na mbuzi. Lakini baba hakuwa akicheza. Alifumba macho akilamba, kama mtu anayesikiliza, nami nilimwamini kabisa.

Mvua zilikuja zikaisha. Upepo mkavu ukaanza. Mchumba wangu akaja siku moja na shati lililopigwa pasi kupita kiasi, nikajua kuna habari. Serikali ilikuwa ikimhamishia Nosy Be, kwao. Aliomba kwa adabu nikaha isomwe kabla hajaondoka, akasema kwamba huko atapewa nyumba ya kazi, kwa hiyo hili la kujenga linaweza kungoja.

"Serikali ndiyo mama wa binti yangu?" baba akamuuliza.

Kijana wa watu akainamisha kichwa. Baba akaongeza kwamba nyumba itajengwa hapa, bwana ataingia hapa, na mbao zikiwa tayari atajulishwa. Kwa sasa bado zina chumvi.

Nikabaki nimekwama katikati ya wanaume wawili na rundo la mbao. Huyu akienda bila mimi, posa ingekufa taratibu, nimeona posa nyingi zikifa hivyo. Nikienda naye, baba yangu atakuwa amepasua magogo yale kwa ajili ya nani? Nilimtaka yule kijana. Sina haya kusema hivyo, nilimtaka. Na nilitaka uani kwetu pia, na mlango wangu ukitazamana na mlango wa mama.

Ijumaa, baba akiwa msikitini, nilikwenda kwenye rundo. Nikapangusa ubao wa juu, nikaulamba. Ulikuwa mchungu kidogo, kama gome la dawa. Nikachomoa wa katikati. Nikapiga magoti nikalamba wa chini kabisa. Chumvi haikuwepo. Nilisimama pale na ulimi umejaa nyuzi za mti, na hasira ikanipanda mpaka masikioni, halafu ikashuka na kuniacha na kitu kibaya zaidi kuliko hasira.

Aliporudi alinikuta nimekaa kando ya rundo. Aliinama kuchukua ubao.

"Baba, nimezionja," nikasema. "Hazina chumvi."

Hakujifanya kushangaa. Aliurudisha ubao mahali pake, akaunyoosha sawasawa na wenzake.

"Zote?"

"Za juu na za chini."

Akakaa juu ya yale mawe ya kukandamizia. "Nyumba ikiisha, harusi inafika," alisema. "Na harusi ikifika sasa hivi, atakuchukua, nami nitakuwa nimejenga nyumba ya kufungia kufuli."

Ulimi wangu mkali ulikuwa umekufa ganzi. Nilimshika mkono, ule wa msumeno, tukakaa hivyo mpaka mama akatuita chakula. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wazee wa mchumba wangu kuwaambia nikaha inaweza kusomwa. Baba aliyekuwa na haki ya kukataa alikwenda kukubali bila nyumba, na Ijumaa iliyofuata nikasikia kwamba alisali safu ya nyuma.

Tulioana chumbani kwa mama. Kisha tukapanda lori la kwenda kaskazini mpaka Ankify, na boti ikatuvusha. Mume wangu aliahidiwa kwamba atarudishwa Mahajanga karibuni. Kila mwaka walimwambia mwakani.

Watu waliotoka Mahajanga waliniletea salamu. Baba yako hajambo, walisema, anakwambia mbao bado zina chumvi. Walicheka wakidhani mzee ameanza kupungukiwa. Mimi nilikuwa nikitabasamu, nawakaribisha chai, na wakishaondoka ninafunga mlango wa nyumba ya serikali na kulia kama mtoto. Nilijua anachosema. Alikuwa akiniambia kwamba nafasi yangu bado ipo, kwamba hajachelewa, wala mimi sijachelewa. Nami nilimrudishia salamu zile zile kupitia watu wale wale: mwambieni azigeuze.

Habari ya kifo ilinifikia wakati njia za bara zimekatwa na mvua. Nilipofika Antanimasaja kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Mama alikuwa kwenye eda, amepungua, anaonekana mdogo ndani ya kanga nyeupe. Nilitoka nikaenda uani.

Rundo lilikuwa palepale chini ya paa la makuti, limenyooka, vijiti katikati, mawe juu. Mafuta kwenye ncha yalikuwa mapya. Hakuna ubao hata mmoja uliokuwa umeuzwa, wala kugongwa msumari. Mama alinifuata akasimama nyuma yangu.

"Ijumaa ile ya mwisho hakuweza kwenda msikitini," akasema. "Lakini hapa alifika. Nilimshika kiuno akalamba. Nikamuuliza, baba watoto, leo je? Akasema bado."

Nikachukua ubao wa juu. Nikaupangusa kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya, nikafumba macho, nikaulamba. Mama alikuwa akinitazama, akingoja, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu.

"Kweli, Mama," nikasema. "Bado zina chumvi."

Alipangusa macho kwa ncha ya kanga. Kisha akazunguka upande wa pili wa rundo, yeye ambaye hakuwahi kuzigusa mbao zile maisha yake yote, akaondoa jiwe la kwanza.

"Basi shika huko," akaniambia, "tuzigeuze."