Mkondo wa Sayansi

Mtaala mpya ulipotufikia nilikuwa nafundisha sayansi katika shule moja ya kijijini nje ya Garsen, karibu na ukingo wa mto Tana. Tuliambiwa kila mtoto atafute tatizo la kwao, alitatue kwa mikono yake. Wanafunzi wangu wa gredi ya tisa wengi walileta mafagio na majiko ya udongo. Msichana mmoja, binti wa mjane anayelima migomba, alileta bomba la plastiki, chupa tupu, betri kuukuu na honi ya pikipiki.

"Hiki nacho ni nini?" nikamuuliza.

"Cha mafuriko, madam. Maji yakipanda, chupa inapanda ndani ya bomba. Ikifika juu inakutanisha nyaya, honi inalia."

Kwetu mafuriko huja jua linawaka. Mvua inanyesha huko juu milimani, sisi huku hatuoni hata wingu, mto unavimba tu. Babake msichana huyo alichukuliwa na maji namna hiyo, akiwahi mahindi yake shambani. Nililijua jambo hilo, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Tulikijaribu kwenye pipa uani mwa shule. Honi ilipolia, darasa zima lilipiga vigelegele. Jumamosi iliyofuata, yeye, mamake na mimi tukaenda kukifunga kwenye mti ukingoni.

Msimu ule ule kikalia kweli, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Wanawake walibeba watoto, wakaswaga mbuzi hadi kwenye tuta la barabara. Jioni nyumba nyingi zilikuwa zimejaa maji, lakini hakuna aliyepotea. Kijiji kizima kikahamia madarasani mwetu, na masomo yakasimama.

Wageni wakaja na kamera. Mmoja alimshika msichana bega akasema, "Huyu ndiye Kenya ya kesho." Yeye alitazama miguu yake iliyojaa tope. Mimi nilijaa fahari. Nilimwambia mamake, "Huyu atakuwa mhandisi," na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu maji yaje.

Mtihani ukaja, akafaulu. Alichagua mkondo wa sayansi, akapangiwa sekondari ya juu iliyo mbali, njia nzima barabara mbovu tupu. Niliwasindikiza yeye na mamake. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kuchoka, wala hakutuficha kitu.

"Mkondo upo, mwalimu. Mwalimu wa fizikia ndiye hayupo. Na maabara ni ile pale."

Nikachungulia dirishani. Chumba kilijaa madawati yaliyovunjika hadi darini.

"Sasa watoto wa sayansi wanafanya nini?"

"Wananukuu kutoka kitabuni. Wengi wakichoka wanahamia historia. Siwalaumu."

Mama alikuwa amesimama kando, sanduku la bintiye miguuni. Akanigeukia.

"Mwalimu, ulisema atatengeneza vitu. Atavitengenezea wapi?"

Nilisema tutalalamika, na kweli tulilalamika. Nilikwenda mwenyewe hadi ofisi ya elimu kule Hola, nikarudi tena. Kila mara nilijibiwa kwa heshima kwamba shule zenye maabara zimejaa, nivute subira. Msichana aliivuta muhula mzima, kisha akahamia historia.

Likizo ilipofika alikuja nyumbani kwangu kunisalimia. Alikuwa amerefuka. Nilimkaribisha chai na mahamri, tukazungumza habari za mamake na za shamba, mpaka nikakosa pa kukwepea.

"Na masomo?"

"Mazuri, madam. Nimekuwa wa kwanza."

"Kwenye historia?"

"Ndiyo. Nakariri haraka."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimuuliza kama bado anataka uhandisi. Akafikiri, akakata hamri lake vipande vidogo.

"Sijui, madam. Huko hatuulizwi."

Shule ilipofunguliwa, gredi ya tisa wapya walinizunguka wakitaka kujua mradi wao utaanza lini. Wawili walikuwa wameshaokota waya na vibati. Niliwaambia tutaanza wiki hiyo hiyo, na tukaanza. Wanafanya kazi nzuri, wengine nzuri kuliko nilivyotarajia. Ninawasahihisha, ninawasifu. Ila mzazi akiniuliza mwanawe atakuwa nani, namjibu kwamba mtoto ana bidii, kisha namuuliza habari za nyumbani.