Barua za Daktari Callixte

Katika tovuti ya chuo, kila neno lilikuwa la Séverine Ntakirutimana, ila jina lake halikuwamo. Alikuwa ofisa tehama wa tawi dogo la chuo kikuu hapa Mpanda, mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umri miaka thelathini na miwili. Nyumbani kwao, mtaa wa Shanwe, aliishi na baba yake, mzee Salvator, aliyekatwa mguu kwa kisukari. Wote wawili walikula kwa kazi hiyo.

Ukurasa wa washirika ulionyesha nembo za vyuo saba. Makubaliano na vitano yalikuwa yamekufa siku nyingi. Séverine aliwahi kuomba ruhusa ya kuziondoa nembo hizo, lakini mkuu wa tawi, Daktari Masele, akamkatalia.

"Wakaguzi wakija wanahesabu nembo, hawapigi simu. Ziache."

Ndipo ikaja barua pepe kutoka chuo kimoja cha kaskazini. Profesa Hadia, mtaalamu wa nyuki, alikuwa amesoma kwenye tovuti habari za utafiti wa nyuki wa misitu ya Katavi uliofanywa na Daktari Callixte, mhadhiri wa tawi. Alitaka vyuo viwili vifungue ukurasa wa pamoja: miti inachanua lini, mizinga inaingia nyuki lini, kila upande ujaze takwimu zake na upande wa pili uzione papo hapo. Tatizo lilikuwa moja. Daktari Callixte alikwishahama nchi mwaka uliotangulia, ikabaki picha yake tu kwenye tovuti.

"Jibu," alisema Masele.

"Nijibu nini, Mkuu? Daktari hayupo."

"Jibu kwa jina lake. Si wewe unayefungua barua zake? Tukipata mtafiti mwingine tutambadilisha."

"Na tusipompata?"

"Mkataba wako unaisha lini vile?" Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Juni, Mkuu."

"Haya basi."

Séverine akajibu. Kwa kuwa ukurasa ulitaka takwimu, na yeye hakutaka kuzitunga, kila Jumamosi alipanda bodaboda hadi porini kwa Nestori, mrina asali. Huko alijifunza kutega sikio kwenye gogo la mzinga, akajua mti wa mtundu unavyoanza kuchipua majani mekundu kabla ya maua. Jumatatu aliingiza yote kwenye ukurasa. Hadia akaandika, "Daktari, una jicho." Séverine alisoma sentensi hiyo mara tatu, akafurahi, kisha akajisikia kama mtu aliyesifiwa akiwa amevaa nguo ya kuazima.

Miezi ikaenda. Hadia alitaka kikao cha mtandaoni. Séverine akasingizia mtandao. Hadia akataka tena. Daktari Callixte akaugua malaria mara tatu na kufiwa na shangazi wawili. Kila uongo ulihitaji mwingine wa kuushikilia, na Séverine alikuwa na daftari la kukumbuka ni shangazi yupi alizikwa lini. Akifikiria kusema ukweli, alimwona baba yake ameketi mlangoni akimsubiri, akanyamaza.

Shangazi wa pili ndiye aliyemshinda. Hadia alituma barua ndefu ya pole, haikuwa na neno lolote la nyuki. Alieleza jinsi alivyomuuguza mama yake miezi mitano, na jinsi hadi leo hawezi kuufungua mkoba wa marehemu. "Sijamwambia mtu mwingine hili," aliandika. Séverine alifunga kompyuta. Mwanamke yule alikuwa amemfungulia moyo mtu asiyekuwepo.

Jioni alimsimulia baba yake kila kitu.

"Tulipofika kutoka Burundi, karani wa kambi aliniandika jina lingine," alisema mzee. "Hakujua kuandika la kwetu. Nimeitikia jina lile miaka na miaka, mpaka tulipopewa uraia. Linachosha, mwanangu."

"Nikisema, Baba, kazi inaweza kuisha."

"Najua."

Asubuhi akamwandikia Hadia ukweli wote, akaweka jina lake na namba ya simu chini.

Siku nne hakukuwa na jibu. Ukurasa wa pamoja ukatoweka upande wa kaskazini. Siku ya tano simu ikaita.

"Wewe ni nani hasa?" Ilikuwa sauti ya Hadia, kavu.

"Ni yule yule niliyekuwa nakuandikia, Profesa. Ila si daktari."

"Takwimu je?"

"Za kweli zote. Nina madaftari, na mzee Nestori ni shahidi."

Hadia alivuta pumzi. "Takwimu nitazichukua. Chuo chenu sikitaki tena. Na ile barua yangu, uifute."

"Nimeshaifuta, Profesa. Nisamehe."

Simu ikakatwa. Wiki iliyofuata jedwali la takwimu likarudi kwenye tovuti ya chuo cha kaskazini bila nembo ya Mpanda, na chini yake maneno madogo: Takwimu zimekusanywa na S. Ntakirutimana.

Masele aliyaona. Hakumfukuza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuiendesha tovuti. Alimwongezea mkataba wa miezi sita, akampangia zamu ya ofisini kila Jumamosi, siku yake ya kwenda porini. "Umetaka kujulikana," alimwambia. "Sasa kaa hapa, tukuone."

Séverine akakaa. Nembo ni zile zile saba, picha ya Callixte bado inatabasamu. Ameomba kazi sehemu tatu na hakuna iliyomjibu. Hadia naye hajaandika tena. Lakini Jumamosi, saa za zamu, simu yake huita, na Nestori akiwa porini humsomea mzinga mmoja mmoja.

"Wa tisa umeingia nyuki jana."

"Jana asubuhi au jioni, Mzee?"

"Asubuhi. Andika."

Naye huandika.