Kampuni Iliyosukumwa kwa Baiskeli

Kampuni yetu ya michezo ya simu ilikuwa na ofisi mbili, na usidhani huo ni utajiri. Moja ilikuwa chumba cha kupanga Busia ya Uganda, nyingine kona ya duka la kuchapisha, Busia ya Kenya. Umeme ukikatika huku, tunahamia kule. Tulikuwa wawili tu: mimi mchoraji, na mwenzangu, Mkenya niliyesoma naye, mwandishi wa programu. Kila tulipohama tulizifunga mablanketi kompyuta zetu mbili za mezani, tukazipakia kwenye baiskeli na kuzisukuma kuvuka mpaka. Watu wa forodha walishatuzoea, wakawa wanatupungia mkono.

Pesa za kuanzia zilitoka kwa mama. Nilimshawishi, mjane wa watu, aweke rehani shamba lake la kijijini Sop Sop, pamoja na nyumba anayolala, kwa mkopeshaji mmoja wa Tororo. Aliniuliza swali moja tu, kama kazi hii ni kazi kweli. Nikamwambia ni kazi.

Mchezo wa kwanza watu waliupakua, wakausifu, na hakuna aliyeulipia. Mwaka mzima tuliishi kwa kutengeneza kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Hatimaye kampuni moja ya Nairobi ikakubali kuununua mchezo wa pili, mradi tuukabidhi kabla mwezi haujaisha. Malipo yake yangetosha kulikomboa shamba.

Mchezo huo wa pili ulikuwa wa baiskeli. Unabeba trei za mayai kupitia njia za panya, unamkwepa afisa wa forodha mwenye kitambi, na ukimshinda anatumbukia mtaroni. Kile kitambi nilikichora mimi, tena kwa raha zangu zote.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Tulikuwa tunarudi upande wa Uganda mchana kweupe, baiskeli moja mbele ya nyingine, na getini tukamkuta afisa mgeni.

"Hii makompyuta ni ya nani?" akauliza. "Karatasi yake iko wapi?"

Hatukuwahi kuwa na karatasi. Sisi tuliozaliwa mpakani tunaona karatasi ni za watu wanaotoka mbali.

"Afande, sisi ni watu wa hapa tu," mwenzangu akasema. "Hizi mashini huvuka nazo kila siku. Uliza mtu yeyote."

"Kila siku? Bila karatasi?"

Hapo tungenyamaza. Lakini mwenzangu, mwenye akili za kila kitu isipokuwa za kunyamaza, akaomba soketi. Alitaka kuthibitisha kwamba mashine ni zetu, maana mchezo ulianza kwa majina yetu. Nami, mjinga mwenziwe, nikamshikia waya.

Afisa aliyasoma majina. Kisha akaitazama baiskeli ikichepuka nyuma ya soko na kufuata njia nilizozichora zilivyo, kona kwa kona. Akamwona afisa wa kwenye kioo akitumbukia mtaroni. Wapagazi waliosimama nyuma yetu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Kumbe njia yote munajua," akasema, akatoa kitabu cha stakabadhi, akazizuia mashine zote mbili pamoja na mablanketi yake.

Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Alifanya kazi yake. Ninayemchukia ni mimi, kwa sababu hata diski ya nakala nilikuwa nimeifunga ndani ya blanketi lile lile. Nakala nyingine pekee ilikuwa mtandaoni, ya miezi mitano nyuma, kwa vile tulikuwa tunabania bando.

Mashine tulizipata baada ya wiki tatu, baada ya ushuru na faini. Nairobi walikuwa wameshatuma ujumbe wa mistari miwili, wa adabu sana, wa kutuaga. Mwenzangu akaenda Kisumu kutafuta ajira. Hatupigiani simu, nadhani kila mmoja anaogopa kuisikia sauti ya mwenziwe.

Ikabaki kazi ya kwenda Sop Sop. Nilimkuta mama akimenya karanga mlangoni, nikamweleza yote kwa lugha yetu, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanakuja lini?"

"Jumatatu, mama."

Akaweka ungo chini, akachukua jembe. "Simama basi, mwanangu. Tung'oe mihogo kabla mwenyewe hajaja."

Mkopeshaji alimwita "mwenyewe", hivi hivi tu, bila uchungu. Tuling'oa mistari miwili, mihogo mingine ikiwa bado myembamba kama vidole, hadi tukafika nyuma ya nyumba, alipozikwa baba. Mama akasimama, akaegemea mpini.

Hajui kusoma. Siku ya kutia sahihi mimi ndiye niliyemsomea mkataba, na nilisoma haraka kwa sababu baadhi ya mistari sikutaka aisikie.

"Na hapa je?" akauliza. "Hapa napo pamo kwenye zile karatasi ulizonisomea?"

"Pamo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akashika shina jingine.