Ikikauka Atarudi

Juzi nilikwenda duka la rangi pale Moshono kutafuta kitu cha kupaka baraza langu la mbao lisioze kwa mvua. Muuzaji alipofungua kopo la kwanza, harufu ikanirudisha nyumbani kwetu, juu kule Meru.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto mdogo, baba alikuwa anapaka vanishi barazani, na mama alikuwa chumbani anakohoa. Baba mdogo akaja na gari, wakambeba mama ndani ya blanketi.

"Baba, mama anakwenda wapi?"

"Harufu hii inamsumbua, mwanangu. Ikikauka atarudi."

Nilimwamini. Nikapiga magoti, nikagusa ubao kwa kidole, ukanata. Basi nikaupepea kwa jani la mgomba mpaka mikono ikaniuma. Jioni nikapiga kelele kwa furaha, "Baba, imekauka!" Akageuka, akaingia migombani. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti zaidi.

Mama hakurudi.

"Dada, hii inakauka kwa saa mbili tu," muuzaji alisema. "Ile ya mafuta inachukua siku tatu nzima."

Nikachukua ile ya siku tatu.